Faili Zako na Zangu Hazilingani: Kutatua Matatizo ya Faili Katika Klabu ya Mbio za Mtandaoni

Mwanachama akikwama muda mfupi kabla ya mbio, ushauri wa kwanza anaotupiwa ni ule ule: "Futa kila kitu, weka upya." Mchezo uliojaa magari na saketi za ziada una makumi ya gigabaiti, na kuupakua upya kunakula jioni nzima. Ubaya zaidi ni kwamba tatizo mara nyingi linarudi kama lilivyokuwa, kwa sababu faili yenye kasoro haikukaa kwenye folda ya mchezo. Ilikaa kwenye Documents, ambako kuondoa mchezo hakugusi kitu.

Klabu ina kitu ambacho anayecheza peke yake hana: kompyuta nyingine ambako gari lile lile, kwenye saketi ile ile, linafanya kazi. Basi usiulize faili yako ina ugonjwa gani. Uliza inatofautiana wapi na ya mwenzako. Karibu yote yaliyomo humu chini ni njia za kulijibu swali hilo bila kufuta chochote.

Kabla ya kugusa faili, jua kwanza ni nani wengine wamekwama. Wakitolewa wote, kosa liko kwenye seva au kwenye kifurushi kilichogawiwa, na hakuna haja ya wanachama ishirini kuhangaika na kompyuta zao. Akitolewa mmoja, kosa liko kwake. Wakitolewa wachache, waulize walipakua lini. Utakuta wamebaki na toleo la zamani, au ndio pekee waliochukua jipya.

Halafu taka maneno kamili ya ujumbe wa kosa, kwa picha ya skrini. "Imegoma" haisaidii. Jina la faili lililoandikwa kwenye ujumbe huo ndilo nusu ya kazi.

Seva inakutoa ikitaja cheksamu

Hili ndilo linaloongoza kwa malalamiko, hasa kwa wanaotumia Assetto Corsa, mchezo wa mwaka 2014 ambao bado una wapenzi wengi kwa sababu ya wingi wa magari yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Unapojiunga, mchezo wako unakokotoa cheksamu ya faili fulani, yaani alama inayotokana na yaliyomo ndani yake, na seva inailinganisha na yake. Baiti moja ikitofautiana, unatolewa. Seva haijui kama ulitaka kudanganya au la, na haijali.

Faili zinazokaguliwa si nyingi. Kwa gari ni data.acd, ambayo ndani yake kuna fizikia yote: injini, matairi, uzito, hewa. Kwa saketi ni faili kama surfaces.ini, inayosema lami inashika kiasi gani. Tena kuna surfaces.ini nyingine ndani ya system/data ya mchezo wenyewe, na hiyo ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa haihusiani na gari wala saketi yoyote ya msimu. Baadhi ya nyongeza huibadilisha kimya kimya. Ujumbe ukiitaja hiyo, tumia amri ya kuhakiki faili za mchezo iliyo kwenye Steam, programu inayouza na kusasisha mchezo. Itairudisha ya asili kwa dakika chache.

Amri hiyo ina mpaka wake. Steam inajua faili zilizokuja na mchezo tu. Gari la modi, yaani lililotengenezwa na wachezaji, ulilolipata kwingine hailijui, hailikagui na hailirekebishi. Ndiyo maana mtu anaweza kuhakiki mara kwa mara, akaambiwa kila kitu ni kizima, na bado akatolewa kwenye seva.

Kwa gari la modi, linganisha na mwenzako. Fungua folda ya gari, andika cmd kwenye mstari wa anwani ulio juu ya dirisha, bonyeza Enter, kisha andika:

certutil -hashfile data.acd SHA256

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Mwenzako ambaye hatolewi afanye vivyo hivyo, naye msimamizi wa seva afanye kwa nakala iliyoko kwenye seva. Huhitaji kusoma zote 64. Ukilinganisha chache za mwanzo na chache za mwisho zinatosha kwa makosa ya kawaida.

Majibu yanaweza kuwa matatu. La kwanza: yako ni tofauti, ya mwenzako na ya seva ni sawa. Chukua folda nzima ya gari kutoka kwenye kifurushi cha klabu, hamishia ya zamani pembeni, weka mpya. Usimwage mpya juu ya zamani, kwa sababu faili ambazo toleo jipya limeziacha zitabaki mle mle. La pili: yako na ya mwenzako anayetolewa kama wewe ni sawa. Seva ndiyo ina nakala tofauti. La tatu ndilo linalochanganya watu: zote tatu ni sawa na bado unatolewa. Hapo tafuta kama una mchezo mara mbili, kwenye diski mbili. Unakagua folda moja, mchezo unaofunguka unasoma nyingine.

Watu huuliza, "Mbona sijagusa fizikia?" Mara nyingi wamegusa bila kujua. Ndani ya data.acd hakuna injini peke yake. Kuna mahali pa jicho la dereva, pembe ya usukani, hata taa za mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Aliyesogeza kiti kidogo ili aone kioo vizuri amebadilisha faili ile ile iliyo na nguvu ya injini, na alama yake imekuwa nyingine. Kama unataka kusogeza kiti, tumia mipangilio ya mchezo, ambayo huhifadhiwa nje ya gari.

Kwa rFactor 2, mchezo mwingine wa mbio, mambo yanakaa vingine, kwa sababu magari huja kama vifurushi vyenye namba ya toleo, na seva huendeshwa na kifurushi kinachotaja matoleo kamili yanayotakiwa. Huko, badala ya kulinganisha baiti, linganisha namba za matoleo kwanza.

Gari au saketi haionekani kwenye orodha

Tazama idadi ya folda. Ukifungua zipu kwa njia ya kawaida ya Windows, inatengeneza folda yenye jina la zipu, na ndani yake folda ya gari. Ukiinakili hiyo ya nje, unapata gari ndani ya gari: content/cars/gari_x/gari_x. Mchezo unafungua folda ya kwanza, hauoni faili unazozitarajia, unapita. Kanuni ni rahisi: ukifungua folda ya gari, data.acd na faili ya kn5 (umbo la gari) zionekane papo hapo, bila kubofya tena.

Usibadilishe jina la folda ya gari. Kwenye Assetto Corsa, data.acd imefungwa kwa ufunguo unaotokana na jina la folda hiyo. Ukiliongezea neno "jipya" mwishoni ili kutofautisha matoleo mawili, data haifunguki tena, na seva nayo hailitambui gari kwa jina hilo. Ukitaka kuhifadhi toleo la zamani, litoe kabisa nje ya content.

Hata "(1)" ni kubadilisha jina. Kivinjari kinaongeza alama hiyo ukipakua faili kwa mara ya pili, na ikibaki kwenye jina la faili iliyo ndani ya folda, mchezo hauitafuti.

Zipu inaweza pia kuwa haikukamilika. Linganisha ukubwa wake kwa baiti na ule wa mwenzako. Kama yako ni ndogo, intaneti ilikatika njiani. Na kama zipu ilifunguliwa kwenye folda iliyo ndani ya folda nyingine nyingi, yenye majina marefu, huenda ukagonga ukuta wa herufi 260 ambao programu nyingi za Windows bado zinaufuata kwa anwani ya faili. Faili zilizozidi hapo huachwa. Fungulia zipu kwenye folda fupi karibu na mzizi wa diski, kisha hamisha.

Gari lipo, lakini halina sauti

Angalia folda ya sfx ndani ya folda ya gari. Panatakiwa pawe na faili ya bank na GUIDs.txt. Ikikosekana mojawapo, au ikiwa bank ina jina la gari jingine ambalo GUIDs.txt haiendani nalo, gari litakuwa bubu. Chukua zote mbili kwa pamoja kutoka kwa mwenzako. Usichukue moja.

Mipangilio inarudi nyuma, setapu zimepotea

Hapa ndipo wale wanaoweka mchezo upya wanapoumia bure. Assetto Corsa, Assetto Corsa Competizione na iRacing zote huweka setapu (marekebisho ya gari uliyoyahifadhi) na mipangilio ya usukani kwenye Documents. Nayo Documents, kwenye kompyuta nyingi za Windows, imeshahamishiwa ndani ya OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, bila mwenye kompyuta kukumbuka kwamba alikubali.

Dalili zake hazifanani. Mmoja anapanga usukani leo, kesho anakuta umerudi ulivyokuwa wiki iliyopita. Mwingine anaona setapu zenye jina la kompyuta limeongezwa mwishoni. Mwingine anapakua setapu, anaiweka kwenye Documents, mchezo hauioni kabisa, kwa sababu ana Documents mbili: moja kwenye diski na moja ndani ya OneDrive.

Ili kujua mchezo unaandika wapi hasa, hifadhi setapu yoyote ukiwa ndani ya mchezo kwa jina ambalo haliwezi kugongana na lingine, kama tafutamimi. Toka, kisha tafuta jina hilo kwenye diski nzima. Inapopatikana, hapo ndipo pa kuweka setapu zako zote. Njia hii inashinda kubishana kuhusu anwani zilizoandikwa kwenye miongozo, maana kila kompyuta ina yake.

Ukishaipata, una hiari mbili. Ama uiondoe Documents kwenye ulinganishaji wa OneDrive, ama uiamrishe iweke folda za mchezo kwenye kompyuta hii daima. La pili lina maana kwa sababu OneDrive hupenda kuacha kivuli cha faili tu, chenye alama ya wingu, na faili halisi inaletwa pale inapoombwa. Mchezo unaofungua setapu nyingi kwa mpigo hausubiri wingu. Kwa maoni yangu hiari ya kwanza ni bora, mradi uwe na nakala ya setapu zako mahali pengine.

Kama OneDrive haihusiki, kuna mawili ya kuangalia. Windows ina kinga dhidi ya programu zinazoteka faili ili kudai fidia, ambayo tangu 2017 inaweza kuzuia programu isiyotambulika kuandika ndani ya Documents. Kawaida huwa imezimwa, lakini aliyeiwasha zamani huwa ameshaisahau. Ingia kwenye orodha yake na uuruhusu mchezo. La pili ni faili kuwekewa alama ya kusomwa tu. Wapo wanaoiweka makusudi kwenye app.ini ya iRacing ili sasisho lisivuruge mipangilio, halafu miezi ikipita wanashangaa kwa nini hakuna kinachohifadhika.

Setapu inayoonekana kwenye folda lakini haionekani mchezoni mara nyingi iko chini ya gari lisilo lake. Michezo hii hupanga setapu kwa jina la folda ya gari, na mingine huongeza saketi ndani yake. Matoleo mawili ya gari moja ni folda mbili.

Umebadilisha faili, mchezo hauoni badiliko

Kwa michezo ya zamani, ambayo klabu nyingine bado zinaipenda, kama Grand Prix Legends ya 1998 au rFactor ya 2005, mshukiwa wa kwanza ni Program Files. Tangu Windows Vista, programu za zamani zinazojaribu kuandika humo hazikataliwi. Maandishi yao yanaelekezwa kimya kimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData\Local ya mtumiaji. Mchezo unasoma nakala ya VirtualStore. Wewe unahariri ile ya Program Files. Kila mmoja anaona faili yake na kila mmoja ana haki.

Kuuendesha mchezo kwa mamlaka ya msimamizi kunaonekana kutibu, lakini sasa unaacha kuziona zile faili zote zilizokuwa VirtualStore, na rekodi zako za muda "zinapotea". Dawa ni kuuhamisha mchezo kwenye folda ya kawaida kama C:\Michezo, ukichukua na vilivyomo VirtualStore kabla hujafuta.

Sababu nyingine ni kiambishi kilichofichwa. Windows huficha sehemu ya mwisho ya jina la faili inazozijua, kwa hiyo faili unayoiona kama mipangilio.ini inaweza kuwa mipangilio.ini.txt. Washa uonyeshaji wa viambishi kwenye dirisha la faili na usiuzime tena.

Mvua na taa za usiku zimetoweka

Kwa wanaotumia Custom Shaders Patch, nyongeza inayoleta mvua na usiku, tazama kama dwrite.dll bado ipo kwenye folda kuu ya Assetto Corsa. Ndiyo inayoiingiza nyongeza hiyo kwenye mchezo, na programu za kuzuia virusi huitilia shaka, zikaiweka karantini. Irudishe kutoka kwenye orodha ya karantini, ukiwa na hakika ulikoipata, kisha itolee ruhusa.

Programu ndogo za dashibodi nazo hukwama kwa namna inayofanana na hii. Windows hutia alama kila kilichotoka kwenye intaneti, na ukifungua zipu yenye alama hiyo, faili zote zilizomo hurithi. Kabla ya kufungua zipu, ingia kwenye sifa zake na uondoe kizuizi. Ukishaifungua, itabidi ufanye hivyo kwa kila dll.

Wenzako hawaoni rangi za gari lako

Rangi hazisafiri na gari. Kwa michezo ya Kunos, watengenezaji wa Assetto Corsa na Competizione, asiye na folda ya rangi zako anaona rangi nyingine au gari tupu, hata kama kwako zinang'aa. Kwa hiyo klabu inahitaji kifurushi kimoja cha rangi za msimu, na wote wakiweke.

Kwa Competizione, faili ya json (maandishi ya mipangilio) iliyo kwenye Customs/Cars inataja jina la folda iliyo kwenye Customs/Liveries, na majina hayo mawili lazima yafanane. Kwa Assetto Corsa, jina la kila faili ya dds (picha ya rangi) lilingane na jina la picha lililomo kwenye umbo la gari. Faili yenye jina lolote lingine haitumiki, na mchezo haulalamiki.

Kosa baya zaidi hutokea kwenye kutuma. Picha ya rangi ikitumwa kwa programu ya ujumbe kama picha, inabanwa na kugeuzwa kuwa jpg, inapunguzwa ukubwa, na sehemu zake za uwazi zinapotea. Unaipokea, unaibadilisha jina iwe png, na unashangaa kwa nini nembo zina masanduku meupe. Tuma rangi kama hati, na ndani ya zipu.

Marudio ya mbio hayafunguki

Muhimu kwa kamati inayosikiliza malalamiko ya kugongana. Faili ya marudio haina gari wala saketi ndani yake; ina mienendo tu, na inategemea vitu vilivyo kwenye kompyuta yako. Ukisasisha gari katikati ya msimu, marudio ya mbio za mwanzo yanaweza kukataa kufunguka au kuonyesha magari yakielea. Anayeyafungua awe na matoleo yaliyotumika siku ile.

Faili ikikatika wakati wa kuhamishwa kwa flashi, angalia flashi imeumbizwa vipi. FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya 64. Iumbize kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kwa wasimamizi: seva haiwaki, au haioni gari ambalo lipo

Seva ikiwa kwenye Linux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Folda iitwayo Gari_X na mstari wa mipangilio unaosema gari_x vinapatana kwenye Windows yako ya nyumbani, na vinashindwa kwenye seva ya kukodi. Andika majina yote kwa herufi ndogo na usumbufu huu hautakufikia.

Faili za json za seva ya Competizione zinatarajiwa kuhifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-16 LE. Kihariri kikikuhifadhia kwa UTF-8, au ukinakili orodha ya madereva kutoka kwenye simu, unaweza kupata seva inayowaka ikiwa na orodha tupu. Simu zina ujanja wake pia: zinageuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, ambazo macho hayazioni tofauti lakini json inazikataa. Mkato unaokosekana kati ya dereva mmoja na mwingine unaleta matokeo hayo hayo. Pitisha faili kwenye kikaguzi cha json kabla ya kuipandisha.

Na ukibadilisha faili yoyote ya gari kwenye seva, toa kifurushi kipya chenye tarehe kwenye jina lake siku hiyo hiyo, na cheksamu yake uibandike kwenye tangazo la mbio. Mwanachama akilalamika baadaye, muulize yake inaanza na herufi gani.